Kumuaga Kabibi, Aliyeitazama Shingo Yangu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Daktari Msimamizi wa kituo hiki, wazee wetu wa Kiorma na wa Kipokomo, akina mama mliotoka Kulesa na Idsowe, na wewe mwanangu Kabibi tunayekuaga leo: Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo.

Mimi ni Qabale, mke wa Diba. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa, na niseme kwa ufupi. La kwanza nimelikubali.

Mnakumbuka nilikuwa na uvimbe hapa chini ya taya, mkubwa kama yai la kuku. Haukuniuma. Na sisi wafugaji uvimbe wa shingo tunaujua, au sivyo? Ng'ombe akivimba, kisu kinatiwa motoni, jipu linapasuliwa, usaha unatoka, na jioni ng'ombe anakula majani. Shemeji yangu Wario, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo, amepasua majipu ya ng'ombe wa nusu ya delta hii, na sijasikia ng'ombe aliyelalamika. Basi nikamwomba anipasue na mimi. Tukapanga iwe Ijumaa, baada ya swala.

Alhamisi nikamsindikiza hapa Garsen mke wa mwanangu, Batula, aliyekuwa mjamzito, apigwe picha ya tumbo. Kabibi, ambaye ndiye mpiga picha hizo hapa kituoni, alipomaliza naye, akanigeukia mimi.

"Mama, hicho cha shingoni ni nini?"

"Jipu tu. Kesho linapasuliwa."

Akaweka vidole vyake hapo. "Mama, jipu gani linadunda? Hebu panda kitandani."

Ndugu zangu, angekosa nini Kabibi kama angeniacha niende zangu? Foleni ilikuwa ndefu hadi nje, na mimi sikuwa hata mgonjwa wake! Lakini alinipaka ule ute wa baridi, akapitisha kile kifaa shingoni, akabonyeza kitufe, na pale kwenye kioo uvimbe wote ukawaka nyekundu na buluu. Akaniambia rangi zile ni damu inayotembea. Usaha hautembei. Nilikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, na mtu asiyejua akiupasua, damu haizuiliki.

Niliogopa, siwafichi. Batula akanishika mikono.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Hakumtukana mtu, wala hakucheka mambo yetu. Aliuliza mpasuaji ni nani, akaomba aitwe. Wario akaja kifua mbele. Kabibi akamwonyesha kwenye kioo: huu ndio mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, hapa unagawanyika, na uvimbe umekaa katikati ya panda. Wario akakisogelea kioo kile, akaufuata mshipa kwa kidole. Halafu akasema, "Ningemchinja shemeji yangu."

Inua kichwa, shemeji. Ulikuja ulipoitwa, na ulikubali ulichokiona. Tangu siku ile, mtu akikuletea uvimbe wa shingo unaweka vidole kwanza, na ukidunda unamleta hapa mwenyewe. Wangapi wenye sifa kama yako wangekubali kufundishwa na binti wa Kigiriama?

Mheshimiwa, Kabibi anakwenda kufundisha wengine, nasi tunafurahi. Lakini mashine inabaki, na haijiendeshi yenyewe. Tuletee mwingine mwenye macho kama yake, anayemwona hata aliyekuja kusindikiza.

Kule Mombasa, Kabibi alikonituma, madaktari walipima tena, wakaona yale yale, wakautoa uvimbe salama. Walinionya kwamba neva ya sauti iko jirani, na kweli sauti yangu imerudi nzito hivi mnavyoisikia. Ng'ombe wangu walichukua muda kunijua. Diba naye anasema nikimwita anadhani ni kaka yake. Namwambia azoee, kwa maana nitamwita miaka mingi bado.

Kabibi mwanangu, mtoto wa Batula nimemwimbia kwa sauti hii nzito, na analala. Asanteni nyote kwa kuisikiliza.