Mstari Uliokosekana Katika Kitabu cha Sala: Maisha ya Hilda Rubogita, 1949–2024

Mtoto akifa kabla hajabatizwa, azikwe wapi? Msitazamane, ndugu waombolezaji, wala msimtazame padre wa parokia, maana swali hili halikuletwa kuwavurugia msiba, ndilo lililokuwa maisha ya marehemu kwa miaka hamsini na miwili, na familia, iliyoombwa kwa upole na watu wawili watatu waheshimiwa iiruke sehemu hiyo, imewasikiliza, imewashukuru, na itaisoma.

Marehemu Hilda Rubogita alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 hapa Kubolota, kisiwani Isabel, akiwa mtoto wa nne wa Katekista Amos Rubogita na mkewe Ketura, akabatizwa siku ya tisa kwa kuwa meli ya misheni ilitia nanga wiki hiyo, bahati ambayo si kila mtoto wa kisiwa hiki aliipata.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1956, na mwaka 1961 akapelekwa shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Gela, ambako Sista mmoja wa Nyuzilandi alimfundisha kupiga taipureta huku mikono yake imefunikwa kitambaa, akamaliza Desemba 1966, na kwa ushuhuda wa wote waliofanya naye kazi baadaye, tangu siku ile hakuna aliyewahi kuliona kosa lake.

Januari 1967 aliajiriwa mpiga chapa katika ofisi ya dayosisi, akaitumikia hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2005, na katika miaka hiyo yote karibu kila tulichokisali na kila tulichojifunza kilipita kwanza vidoleni mwake, kalenda ya masomo ya mwaka, mafunzo ya shule ya Jumapili, vijitabu vya Umoja wa Mama, sala za kubariki mashamba ya viazi vikuu na mitumbwi mipya, naye alikuwa na tabia, ambayo maaskofu watatu waliivumilia, ya kumrudishia askofu barua yake na kumwuliza kama kweli alikusudia kusema hivyo.

Tarehe 21 Novemba 1970 alifunga ndoa na Walter Tigisare, fundi seremala wa boti za Kanisa, na tarehe 9 Machi 1972 akajifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume, waliyemwita Lonsdale. Aliishi saa mbili. Baba yake alikuwa bado baharini na kasia, akimfuata padre, na waliokuwamo ndani hawakuthubutu kummwagia mtoto maji, kwa kuwa tulizoeshwa kwamba kazi ya padre ni ya padre. Padre Nathanael Kokomana, ambaye siku hizo alikuwa kijana wa miaka thelathini na upadrisho wake haujatimiza mwaka, alifika, akaketi chini na wazazi, akalia nao, na hilo familia hailisahau, kisha akafungua Kitabu cha Sala cha lugha yetu penye ibada ya mazishi, akawaonyesha mstari wa herufi ndogo juu ya ukurasa, uliosema kwamba ibada hii isisomwe kwa asiyebatizwa. Lonsdale alizikwa nje ya ua wa makaburi, kwenye miti ya sago, bila neno.

Mungu aliwajalia baadaye watoto wengine watatu, Merelyn mwaka 1974, Hudson mwaka 1976 na Drusilla mwaka 1981, na wajukuu tisa.

Mwaka 1977 Kitabu cha Sala kilikuwa kimekwisha makanisani, kilichobaki kimeliwa na mende, na Hilda akapewa kazi ya kukipiga upya kwenye stensili, kurasa mia tatu na kumi na mbili, neno kwa neno, naye Padre Nathanael, wakati huo mwalimu wa chuo cha theolojia, akapewa kazi ya kusahihisha, akitia sahihi yake chini ya kila ukurasa aliouridhia. Kitabu kilitoka kabla ya Pasaka ya 1978. Ule mstari haukuwamo.

Hakuna aliyelalamika, kwa sababu herufi ndogo hazina wasomaji wengi. Makatekista vijana, waliojifunza kuzika kutoka kitabu hicho, walimzika kila mtoto ndani ya ua kwa ibada nzima na nyimbo, wakidhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za misheni, na wasomi wetu wakaanza kufundisha kwamba Kanisa la hapa liliwatangulia wengine kwa huruma, jambo ambalo ni kweli, ila hawakujua lilitangulia kwa vidole vya nani. Walter naye hakufukua mtu, alihamisha ua. Mzee wa kanisa alipomwuliza kwa nini ua umepinda upande wa miti ya sago, alijibu kwamba nguzo za zamani zilioza na mbao mpya zilikuwa ndefu, na hadi alipofariki tarehe 12 Agosti 2011 hakuongeza neno juu ya hilo.

Mei 2023, Kamati ya kukipitia Kitabu cha Sala, chini ya Kanoni Daktari Clement Vaghibula, ililinganisha kitabu cha 1978 na kile cha zamani, ikaliona pengo, ikamwita marehemu. Kanuni ya Kamati ni fupi, kilichoamuliwa na Kanisa kibaki, kilichokosewa na mpiga chapa kirekebishwe. Hilda, mwenye miaka sabini na mitatu na bado na ile hofu ya watu waliolelewa bwenini, alisema kwamba mstari ulimpita kwa bahati mbaya. Habari ilipowafikia akina mama wa Umoja waliokuwa wakipika nje, walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Hilda aruke mstari?" alisema. "Labda aruke kula."

Kanoni hakucheka, aliandika kwamba ni kosa la mpiga chapa, na mstari urudishwe katika kitabu kipya, na hapo ndipo Hilda alipotambua kwamba kwa kujiokoa yeye amewatoa tena watoto wa watu nje ya ua. Alirudi nyumbani, akamwambia Merelyn, "Nimewafungia lango mimi mwenyewe," akakataa chakula, kwa hiyo yule mama alikuwa amesema kweli.

Agosti mwaka huo huo aliiandikia Kamati barua ya ukurasa mmoja, isiyo na kosa, akakiri kwamba hakuuruka mstari ule, aliuacha makusudi. Kamati ilijibu kwa heshima kwamba mpiga chapa hana mamlaka ya kubadili ibada, na mstari utarudi, isipokuwa ithibitike kwamba mwenye mamlaka aliuona ukurasa ule na kuuridhia akijua kwamba mstari haumo, jambo ambalo sahihi peke yake haithibitishi. Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, mstaafu, akiishi Buala. Hilda alimwandikia mara tatu, naye Padre Nathanael akajibu mara zote tatu, kwa salamu ndefu na mistari ya zaburi, kwamba mwaka ule macho yake yalikuwa mabovu na hakumbuki.

"Macho hayo," alisema Hilda, akikunja barua ya tatu, "yaliiona koma iliyofifia ukurasa wa tisa."

Februari 2024 ugonjwa wa sukari uliokuwa umemsumbua tangu 2016 ulishika figo, akatibiwa Buala, kisha Honiara kuanzia tarehe 18 Julai, ambako aliwauliza wauguzi kila asubuhi kama kuna barua, na tarehe 3 Septemba 2024, saa kumi alasiri, akiwa na watoto wake wote watatu, alifariki dunia. Kamati inakutana kwa mara ya mwisho mwezi ujao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Buala na Honiara, nahodha wa boti iliyomleta nyumbani, majirani waliochoma mawe ya tanuri na kupika bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ofisi ya dayosisi, ambao wamesoma historia hii mara nne wakitafuta makosa kwa heshima yake, na Umoja wa Mama, waliokesha naye. Mama, kazi ya mikono yako imefika, pumzika sasa katika amani ya Bwana.

Shukrani moja imebaki. Jana, Alhamisi, baada ya sala ya asubuhi hapa nyumbani, Padre Nathanael, aliyeletwa kwa boti akiwa na miaka themanini na miwili, alisimama kando ya jeneza bila kuombwa na mtu, akamwambia Kanoni Clement achukue kalamu. Kanoni alimsihi aketi, Baba, umechoka. Alikataa.

"Niliuona," alisema. "Nilikaa na ukurasa ule kutwa nzima, nikijua nani ameupiga na kwa nini, na yeye ananisubiri barazani. Nikatia sahihi kwa hiari yangu. Kisha nikanyamaza miaka arobaini na saba, maana ningesema niliuona, mngeniuliza siku ile ya Lonsdale nilikuwa naona nini."