Bangili ya Tipitipi

Ndugu waombolezaji, haya yameandikwa na dada wa marehemu, aliyeishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute nukta, na msomaji, mpwa wao, ameamriwa asiruke mstari.

Marehemu, fundi sonara, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, akasoma hadi darasa la sita, na mwaka 1955 akaingia karakana ya baba yake mdogo, akajifunza kupima dhahabu kwa mbegu za mtipitipi, ule mtambaazi wa nyuani ambao wengine huuita ututi, wengine wakitafuna majani yake kwa kikohozi, mbegu zake nyekundu, zenye jicho jeusi, zikilingana uzito kama mapacha.

Alioa tarehe 2 Juni 1966, wakajaliwa watoto wanne, walio hai ni watatu. Kifungua mimba, binti, alifariki tarehe 9 Oktoba 1969, akiwa na miaka miwili, ikasemwa ni uji uliolala, na mama mkwe akamwambia mke wa marehemu mbele za watu, "Mikono yako hiyo," naye hakupika tena uji katika nyumba ile.

Haukuwa uji. Marehemu alitoboa mbegu kumi na moja kwa keekee ya kazini, akamtungia mwanawe bangili, na yeye aliyejua ugumu wa ganda lile kuliko sisi wote hakuwaza kwamba ndilo lililofungia sumu, mtoto akashinda akiinyonya. Mtoto alipokufa, marehemu akaitupa bangili dirishani, akanyamaza, na mvua zilipokuja mtipitipi ukaota palepale, ukapanda hadi kwenye nondo za chumba chake, kila mwaka akiukata, kila mwaka ukirudi, maganda yakipasuka kwa jua, naye kaketi kitandani akitazamwa na macho meusi.

Aliugua mapafu tangu Januari, akafariki hospitalini tarehe 21 Agosti 2013. Juma moja kabla alimweleza dada yake yote, akataka yasomwe leo, dada akamjibu, "Miaka arobaini na minne umembebesha mkeo, leo unaazima mdomo wangu," lakini kaandika.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, masonara wenzake, na majirani waliofyeka mtipitipi jana ili turubai lienee, ingawa mizizi imewashinda.

Wifi, mikono yako ni misafi, na kila aliyeketi hapa amesikia.

Kaka, pumzika kwa amani, kama utaachiwa.