Historia ya Marehemu Modisaotsile Phetlhu, Mchongaji wa Mbavu za Ndege

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tebogo, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na yeye mwenyewe aliniagiza nisiruke mahali.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Thaba Nchu, akasoma hapo hadi mwaka 1974, baba yetu alipofariki. Mwaka 1976 alikuja Tembisa, akaajiriwa kufagia katika kiwanda cha vipuri vya ndege Kempton Park, na kwa kuwa wakati ule wa ubaguzi wa rangi mtu mweusi hakuruhusiwa kusomea ufundi, alijifunza kwa kutazama, hadi alipopata cheti mwaka 1986. Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na Gaolatlhe, wakajaliwa binti mmoja, Onalenna.

Kazi yake ilikuwa kuchonga mbavu za mabawa ya ndege, yaani vipande vya ndani vinavyoshikilia umbo la bawa, kutoka kwenye pande nene la alumini, mpaka kuta zibaki na unene wa milimita mbili, na kuta nyembamba namna hiyo hujikunja mara vibano vinapolegezwa, kwa hiyo alichonga kidogo kidogo, akikigeuza kipande na kukipumzisha, siku tatu badala ya moja.

Juni 2004 mafundi waliharakishwa, ubavu mmoja ukapinda, na msimamizi wake, Bwana Steyl, akaagiza unyooshwe kwa jeki. Kaka alimweleza kwamba utanyooka kwa macho tu, ndani utakuwa umeumia, akajibiwa, "Modisa, weka sahihi au vua ovaroli." Gaolatlhe alikuwa amelazwa hospitalini wakati huo, kaka akaweka sahihi kwamba ubavu ule ni mzima.

Tarehe 19 Novemba ndege ya kunyunyizia mashamba dawa ilianguka karibu na Bothaville, rubani, kijana wa miaka ishirini na tisa, akafariki, na ubavu ule ukakutwa umepasuka. Kaka alikwenda mwenyewe kwa wachunguzi akasema yote, Bwana Steyl akakana, kaka akafukuzwa kazi na kunyang'anywa cheti. Kisha akaenda kwa mama wa rubani, akaongea naye akiwa amesimama nje ya geti, naye akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia. Usirudi tena." Hakurudi, na sisi nyumbani hatukumsikia tena akicheka.

Februari 2023 aligundulika ana saratani ya ini, akafariki Jumanne, tarehe 6 Juni, mikononi mwa Onalenna.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wawili wa kiwandani mliothubutu kuja leo.

Kaka, nimesoma yote kama ulivyotaka. Pumzika kwa amani, kama utaruhusiwa.