Lidwina Luambano na Mahindi Yaliyotutia Aibu

Na Athanasi Gama, Stoo ya Mbegu

Tarehe 30 Juni 2026 Bi Lidwina Luambano anastaafu akiwa na miaka 25 ya utumishi. Hivyo ndivyo faili linavyosema. Faili halikuhesabu misimu tisa aliyofanya kama kibarua, kuanzia Novemba 1992, kwenye mashamba haya haya ya kituo chetu cha utafiti wa mbegu, kwa mifuko hii hii ya karatasi. Tisa na ishirini na tano ni thelathini na nne. Anayebisha aje na kalamu.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kabla hindi halijatoa ndevu, unalifunika kwa mfuko. Unakusanya chavua ya mmea uleule, unaimwaga kwenye ndevu zake, unafunika tena. Unarudia kila msimu, miaka saba au minane, mpaka mimea yote ya ukoo huo ifanane kabisa. Tatizo ni kwamba ukoo ukijizaa wenyewe hivyo unadhoofu: mmea unaishia kiunoni, gunzi linakuwa kama kidole gumba. Ila ukikutanisha koo mbili zinazofaa, mtoto anatoka mrefu, mzito, na shamba zima linalingana. Hiyo ndiyo mbegu chotara. Kwa sababu hiyo tulimwita Mshenga, naye akawa anatukumbusha kwamba washenga wengine hupewa walau kanga.

Februari 2009 tulitarajia wageni. Bi Lidwina alikuwa likizo Maposeni, akimuuguza mama yake. Kiongozi mmoja wa wakati huo alipita akaona mahindi yamesinyaa kando ya barabara, akasema yanatutia aibu, yang'olewe. Tukayang'oa. Watu wanne, asubuhi moja, koo 22 zilizokuwa katika msimu wa saba. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wanne.

Aliporudi alisimama pembeni mwa shamba tupu akauliza, "Jamani, nani kawaambia haya yalipandwa yapendeze?" Remmy, dereva wetu wa trekta, akajitetea kwamba tuliamriwa. "Na ungeamriwa ung'oe meno yako?"

Kisha akaenda stoo. Kumbe kila msimu alikuwa hapandi mbegu zote. Alibakiza kidogo kwenye bahasha, ndani ya kopo la maziwa ya unga, wakati utaratibu ulitaka stoo isibaki na masalia. Koo 19 zilikuwa na akiba ya kutosha. Mbili hazikuwa na kitu. Ukoo namba 14 ulikuwa na punje 11. Zikaota saba, na mimea mitatu tu ikabeba. Ukoo huo ndio leo mama wa mbegu yetu inayonunuliwa kuliko zote.

Mzee Polikarp, mkulima wa Maposeni, alikuwa wa kwanza kuipanda, msimu wa 2014/15. Alitoka magunia 9 kwa eka akafika 21. Lakini kilichomshangaza zaidi ni kuona mahindi yote yamebeba usawa mmoja, akamuuliza Bi Lidwina, "We mama, haya uliyapima kwa rula?" Alijibiwa kwamba rula yenyewe ilichukua miaka kumi na miwili.

Mbegu iliposajiliwa, karatasi ilibeba majina matatu ya wataalamu. La kwake halimo, maana yeye ana cheti cha kidato cha nne. Kwenye jarida hili hatuulizani shahada, kwa hiyo naliandika: Lidwina Luambano.

Yeye hilo halikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha, miaka hii miwili ya mwisho, ni kuuacha ukoo namba 14 bila mtu. Ofisi ilisema vibarua wa msimu watatosha. Hawatoshi. Ukichelewa siku moja kufunika, chavua ngeni inaingia, na kazi ya zaidi ya miaka ishirini inachafuka. Kwa misimu miwili akamfundisha Aisha Muhsini, kibarua kutoka Tunduru. Februari iliyopita Bi Lidwina hakugusa mfuko hata mmoja, alishika daftari tu. Aisha alifunika mahindi 640. Yaliyoharibika ni matatu. Bi Lidwina mwenyewe, msimu wake wa kwanza, aliharibu 58, na hajawahi kulificha jambo hilo.

Kamati ya kuaga ilipomwambia achague zawadi, friji au mabati 40, alisema anataka barua ya ajira ya Aisha, na kama haitoki tusijisumbue kupika pilau. Kuna waliocheka. Yeye hakucheka, na kwa wiki tatu kila aliyemgusia sherehe aliulizwa barua iko wapi. Jumanne iliyopita ilisainiwa: ajira ya kudumu, kuanzia tarehe 1 Julai, bila pengo hata la siku moja.

Asante, Dada Lidwina. Pilau ipo. Mabati nayo tunayaleta kwako Mshangano. Nimeyahesabu mara mbili. Tunakuombea afya, mvua ya wakati na asubuhi ndefu za kujilalia. Ila simu usiizime. Mwakani Februari, saa nne asubuhi, chavua ikianza kumwagika, Aisha atakupigia akutajie idadi.