Historia ya Aluel Kuol, Aliyevua Viatu Kwenye Ngome ya Yesu

Baba Kasisi Elijah, shemeji yangu Nyuon, watoto wa dada yangu, akina mama wenzake wa kanisa, majirani wa Kakuma na nyinyi mliosafiri kutoka Lodwar kuja kutusaidia kumzika, mimi ni Abuk Kuol, mdogo wake marehemu, tulibaki wawili tu kwa mama yetu na tangu Jumanne nimebaki mmoja, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu shemeji alijaribu jana akashindwa hata kumaliza jina, basi nikikwama mnivumilie, na nikipandisha sauti msidhani nimewakasirikia nyinyi.

Dada yetu Aluel alizaliwa mwaka 1970 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Bor, Sudan Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kuol na marehemu mama Adeng. Karatasi za kambi zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, tarehe ambayo karibu nusu ya watu waliokaa hapa walizaliwa, na yeye mwenyewe alikuwa akitania kwamba siku hiyo wakunga wa Sudan nzima hawakupata hata nafasi ya kunywa chai, lakini mama yetu alituambia kwamba ulikuwa msimu wa mafuriko, maji yalikuwa yamefika zizini, wanaume wameondoka na ng'ombe kutafuta sehemu iliyoinuka, na Aluel akaja duniani wakati nyumbani wamebaki wanawake peke yao.

Alianza shule ya msingi huko Bor, akasoma hadi darasa la tatu, vita vikaanza mwaka 1983 na shule ikafungwa. Mwaka 1991 tulikimbia, tukapitia Kapoeta na Lokichoggio, tukafika hapa Kakuma mwezi Agosti 1992 wakati kambi yenyewe ilikuwa mahema machache na vumbi, na miaka ya 1996 hadi 1998 alihudhuria darasa la watu wazima lililofundishwa kanisani, akajua kusoma vizuri lugha yetu ya Kidinka. Kiingereza kilimshinda, hilo hakulificha, na Kiswahili hakufundishwa na mwalimu yeyote, alifundishwa na rafiki yake Akidor, yule mama Mturkana aliyekuwa akimletea kuni kila asubuhi, ambaye yuko hapa mbele yetu na tangu Jumatano hajala, kwa hiyo Kiswahili cha dada yangu kilianza na ejok, salamu ya Kiturkana, kikaendelea na bei ya kuni, na ngeli hakikuwahi kusikia habari zake.

Tarehe 12 Februari 1994 alifunga ndoa na Nyuon Bol katika kanisa letu la udongo hapa Kakuma, na Mungu akawajalia watoto watatu, Bol aliyezaliwa mwaka 1995, ambaye amefika juzi kutoka Juba, Yar aliyezaliwa mwaka 1997, na Kuol aliyezaliwa mwaka 2003, na shemeji ameniomba niseme mbele yenu kwamba katika miaka kumi na tisa ya ndoa mkewe alimnunia mara nyingi lakini hakuwahi kulala bila kumwekea chakula.

Kwa upande wa kazi, kuanzia mwaka 1999 alikuwa na hoteli yake hapa Kakuma One, ile ya mabati yenye mlango wa kijani, akipika chai, kisra, ile mikate yetu myembamba, na samaki wakavu wa Kalokol ambao mimi nilikuwa nikimpakilia kwenye lori kutoka Lodwar ninakoishi na mume wangu, na wateja wake walikuwa Wadinka, Wasomali, Wakongo, Waturkana, Wahabeshi na walimu kutoka bara, kila mmoja akisalimiwa kwa lugha yake kwa maneno mawili matatu, na aliyeondoka bila kusalimia alisemwa hadi kesho yake.

Historia kama hii kwa kawaida hutoka kwenye kazi ikaenda moja kwa moja kwenye kuugua, ila ya dada yangu haiwezi, kwa sababu kuugua kwake kulipitia Mombasa, na wengi wenu mmesikia nusu ya habari hiyo mkacheka, leo naisoma yote.

Pale hotelini palikuwa na kalenda ya duka la unga yenye picha ya ukuta mkubwa kando ya maji, na chini ya picha yameandikwa maneno ya Kiingereza, Aluel akamuuliza binti yake Yar yanasemaje, mtoto akayasoma akamfasiria kwa usahihi kabisa, kwamba hapo ni Mombasa na hiyo ni Ngome ya Yesu. Sasa sisi neno ngome tunalijua kutoka kanisani, kila Jumapili tunaambiwa Mungu ni ngome yetu, na dada yangu akaamini, tena akawaaminisha akina mama wote wa umoja wetu wa kanisa, kwamba katika nchi hii hii ya Kenya Bwana Yesu ana nyumba yake ya mawe, watu huenda wakaiona na kuishika, na sisi tumekaa Kakuma miaka ishirini bila kuambiwa na mtu. Yar hana kosa, nataka hilo lisikike vizuri, mtoto alisoma kilichoandikwa, na kama kuna ninayemkasirikia ni huyo aliyejenga nyumba ya mizinga akaipa jina lile.

Baba Kasisi alitusaidia kupata ruhusa ya kutoka kambini, alidhani tunakwenda kuwatembelea akina mama wa kanisa la huko, na kweli ndio waliotupokea, basi tarehe 7 Desemba 2012 tukaingia Mombasa akina mama kumi na wanane, tumevaa magauni meupe na misalaba, na ngoma yetu juu ya basi. Wenyeji wetu walitutembeza kisiwa chote, wakatupitisha chini ya zile pembe za ndovu zilizovuka barabara, tukagundua ni za chuma, Aluel akauliza ndovu wenyewe wako wapi, wakatupeleka kwenye hekalu la Wahindi lenye maua na kengele, wakatupitisha vichochoro vya Mji wa Kale vyenye milango ya nakshi, tukapita mbele ya misikiti, tukanusa bizari sokoni, na kila baada ya hatua chache mtu wa kabila lingine na dini nyingine alitukaribisha. Dada yangu alifurahi kuliko sisi wote, alisimama katikati ya kichochoro akatazama Waarabu, Wahindi, Waswahili na Wakamba wakipishana, akawaambia wenyeji wetu kwa Kiswahili chake, "Hii pia ni kambi. Watu ya hapa wamekaa mpaka wamesahau kurudi," nao wakacheka sana, lakini yeye hakuwa akitania.

Kule hekaluni tuliambiwa tuvue viatu kabla ya kuingia, na msikitini tuliona viatu vimepangwa mlangoni, kwa hiyo kesho yake, Jumamosi tarehe 8, tulipofika mbele ya Ngome ya Yesu hatukuhitaji kuambiwa, maana kama kwa miungu ya wengine tumevua, kwa Bwana wetu tungeingiaje na viatu, tukavipanga ukutani jozi kumi na nane, tukapiga ngoma, tukaingia pekupeku tukiimba, juu ya mawe yaliyochomwa na jua la saa sita, watalii wakatupiga picha, na mlinzi wa getini akabaki ameshika kofia yake.

Ndani tulipokelewa na mwongoza wageni, mtu wa Mombasa, mpole, akaanza kutueleza habari za Wareno, mizinga, kuzingirwa kwa ngome na njaa, tukamsikiliza tukingoja afike kwa Yesu, hakufika, ndipo Aluel akamuuliza chumba chake kiko upande gani. Yule bwana alitazama miguu yetu kwanza, kisha akasema, "Mama, Bwana Yesu hakukaa humu. Humu walikaa askari, baadaye wafungwa. Jina ni jina tu." Dada yangu akamwomba arudie, akarudia taratibu, na akina mama wengine wakaanza kunung'unika kwamba tumeletwa siku tatu njiani kuja kuona gereza, mmoja akasema kwa sauti kwamba mwenye hoteli ametuuzia chai bila majani, nami nikamjibu maneno ambayo siyarudii mbele ya Kasisi.

Aluel aliuliza tu kama humo ndani hakuna hata mahali pa kusali, akaonyeshwa palipokuwa na kanisa la wale askari, pamebaki msingi tu na nyasi, akanivuta pembeni kwenye kivuli cha ukuta, akachukua mkono wangu akauweka juu ya titi lake la kushoto, nikasikia kitu kigumu kama kokwa la mkoma, akaniambia kwa lugha yetu, "Abuk, hiki nilikuwa nakileta nyumbani kwake. Sasa nikipeleke wapi?"

Nimelitaja titi kanisani bila haya, kwa sababu haya ndiyo iliyotufikisha hapa leo. Tangu tarehe 14 Agosti 2012 daktari wa kliniki ya kambini alikuwa amempima, akamwambia aende Lodwar na kutoka hapo Eldoret bila kuchelewa, na dada yangu akamshukuru, akarudi kupika chai, hakumwambia mume wala mimi wala Akidor, maana aliona kati ya safari ya Eldoret na ile ya kwenda nyumbani kwa Yesu mwenyewe, mtu mwenye akili anaanza na ipi. Miezi minne yote hiyo, wakati sisi tunashona magauni na kubishana juu ya nyimbo, yeye alikuwa na miadi yake, na alipofika mwenye nyumba hakuwepo.

Kutoka Mombasa nilimpeleka Eldoret mwenyewe, akalazwa tarehe 13 Desemba, madaktari wakasema ugonjwa umefika kwapani na kwenye mapafu, walimtibu kwa miezi mitatu kwa bidii ambayo hatutaisahau, na hakuna aliyetuahidi kwamba Agosti ingekuwa tofauti, lakini hakuna pia aliyesema isingekuwa. Mwezi Machi 2013 alikuja kukaa nyumbani kwangu Lodwar, shemeji na watoto wakimfuata kila walipopata ruhusa, akaendelea kuuliza hali ya hoteli na kama samaki wa wiki hiyo ni wakubwa, na asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni 2013, nikiwa nimemshikia kikombe cha uji, aliniomba nimgeuze upande wa dirisha, nikamgeuza, na alikuwa ameshaondoka.

Familia inawashukuru daktari wa kliniki hapa Kakuma aliyemwambia ukweli mapema, madaktari na wauguzi wa Eldoret, majirani zangu wa Lodwar waliopokezana kulala naye, wachuuzi wa samaki wa Kalokol waliotoa gari lililomleta, Akidor aliyeendesha hoteli ya rafiki yake bila kuombwa, Baba Kasisi Elijah, na akina mama wa umoja, mkiwemo nyinyi mlionung'unika siku ile, maana wawili wenu mmeshakwenda kupimwa na mmoja ameanza matibabu, na wengine mnaoficha kitu ndani ya nguo nawaomba msingoje hata kesho, njooni kwangu leo tukitoka makaburini, tutakwenda pamoja.

Yupo pia mtu wa kumshukuru ambaye hatumjui jina, yule mwongoza wageni wa Mombasa. Ilikuwa rahisi kwake kutuonyesha chumba chochote, akasema alikaa hapa, tungepiga magoti, tungeimba, tungempa asante kubwa, na dada yangu angerudi Kakuma akiamini amepona, akanyamaza na kitu chake hadi siku ya mwisho, nasi tungemwokota amelala jikoni bila kujua kilichomuua. Mtu yule alimvunja moyo kwa ukweli, kisha akaenda mwenyewe getini akamletea viatu vyake, akainama akaviweka mbele ya miguu yake, na kwa sababu hiyo nilipata miezi sita ya kumwogesha dada yangu, kumsuka, kugombana naye juu ya chumvi na kumwambia kwamba nampenda, neno ambalo kwetu dada hawaambiani.

Haikutosha. Ningepewa sita mingine bado nisingetosheka, na nimemkasirikia Mungu wiki hii yote, Baba Kasisi anajua, nimemwambia.

Aluel, binti Kuol, mke wa Nyuon, mama Bol, sina tena mtu duniani anayenikumbuka nikiwa mtoto. Pumzika sasa, dada, na amani uliyosafiri kwenda kuiomba ikufuate yenyewe hapa Kakuma.