Ratiba ya Mwaka Mzima Kwa Katoni ya Sabuni

Jumamosi asubuhi benchi la kahawa la mtaa wa Mashimoni lilikuwa limejaa, na hakuna mtu aliyeombwa maoni ila kila mtu alikuwa nayo. Mwalimu Nekoye alikuja na katoni ya sabuni aliyoipasua aandikie. Kufikia Jumatatu hedi wa shule alitaka ratiba ya mwaka ya darasa lake jipya: watoto ishirini na wanne wa Gredi ya Nne ambao bado hawajui kusoma, na tableti sita. Ratiba ikimshinda, chumba kinageuzwa stoo ya madawati. Nekoye alikuwa amekipigania hicho chumba mpaka sauti ikamkauka, na hakuwa tayari kukiachilia.

— Sita kwa tableti, sita na mimi, wengine wanasomeana wawili wawili. Dakika ishirini, wanabadilishana.

— Hapo uko sawa, ticha, alisema Obiero fundi viatu, anayeitwa Profesa tangu aokote miwani. Na stima ikipotea?

— Wanasomeana wote, basi.

— Zii! Wapelekwe soko la Toi, alidakia Gerishon muuza kahawa, jina la benchi Waziri. Kila mtoto apewe nguo ya mtumba, asome lebo. Hakuna lebo, hakuna lanchi.

— Hiyo ni ya muhula wa kwanza, Profesa akasema, akichora kwenye katoni na chaki yake ya kupimia soli. Muhula wa pili tunazima TV zote Mashimoni.

— Na mechi? Waziri akauliza.

— Mechi inasomwa, msee! Mtoto anasimama hapa na gazeti, anatangaza.

— Muhula wa tatu hakuna kuongea, Waziri akamalizia. Mtoto akitaka chai, aandike.

Nekoye alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini katoni ilijaa, na akijiangalia aliona kweli amepanga: mtihani wa kuingia, makundi, hata sherehe ya Novemba. Hedi atakubali tu.

Annet, mama mboga wa mtaa wa Silanga, akatua gunia lake la sukuma. Mwanawe Jeremy alikuwa wa saba kwenye orodha ya darasa hilo.

— Mwalimu, Jeremy akishajua kusoma, anatoka lini?

Nekoye alitafuta kwa katoni, juu mpaka chini.

— Si mwaka ukiisha? Waziri alijaribu.

— Mwaka mzima? Hata halijafunguliwa, wenzake washaliita darasa la mafala. Ameniuliza atakaa huko mpaka lini. Nimwambie aje?

Profesa alivua miwani, akaifuta. Waziri aliinamisha birika. Nekoye aliona aibu. Alikuwa amefungua mlango wa kuingia na kusahau kabisa wa kutoka.

Akageuza katoni upande safi, akamnyang'anya Profesa chaki, akaandika juu kabisa: Jeremy.

— Keti, Mama Jeremy. Tunaanza upya, na tunaanzia hapo kwa swali lako.

Profesa akasogea, akampa nafasi.