Direkta Norbert Hataki Kiti

Leo, tarehe 2 Julai 2003, Direkta wetu Norbert anafunga miaka thelathini na sita ya kazi ya chaki. Alianza Septemba 1967 katika shule moja ya Kazimia, akahamia hapa Baraka mwaka 1974, na tangu 1981 ndiye mkuu wa shule yetu ya msingi. Ana umri wa miaka sitini. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake ni Adolphine, mwalimu wa darasa la tatu, na naomba radhi mapema kwa sababu huu ni wasifu wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa heshima na ulisema kwamba Direkta anakwenda kupumzika. Nimeuchana.

Wanaomjua hawahitaji kuelezwa habari za jante. Ile jante, chuma cha gurudumu la lori kilicho kengele yetu, iliyoning'inizwa mbele ya ofisi ameigonga kwa mkono wake kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, na mwalimu aliyechelewa alimkuta getini akimngoja kwa adabu zote: "Umelala muzuri, mwalimu?" Hakuna adhabu iliyouma kuliko swali hilo. Nimeulizwa mara tano.

Na dikte, yaani imla! Direkta husoma kila sentensi mara tatu, polepole, huku akitaja koma na nukta zote, hata mvua ikipiga mabati mpaka watoto wasimsikie. Wanafunzi husema hata bugali anauomba nyumbani mara tatu, na nukta mwisho.

Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, damu. Mwaka 1986 mwanafunzi alijikata kidole cha mguu kwa jembe katika bustani ya shule. Direkta alikimbia kumsaidia, akaona damu, akaanguka chini mzima mzima. Mtoto ndiye aliyechechemea kwenda kumletea Direkta maji. Kumbukeni jambo hilo mnaposoma yanayofuata.

Jinsi tulivyoondoka Baraka wakati wa vita, mwaka 1998, kila mmoja wenu ana lake la kusimulia. Kundi letu lilipanda milima kuelekea upande wa Kilembwe. Wengine walibeba masufuria. Direkta alibeba rejista ya shule na boksi la chaki, na wiki ya pili tulikuwa tayari na darasa porini. Tulikuwa pia na Mama Godelieve, mkunga mzee ambaye hakujua kusoma, lakini mikono yake ilijua kazi. Muuguzi mmoja aliyevuka ziwa alikuwa amemwachia kitabu cha wakunga, cha Kifaransa kitupu. Alikitunza mkobani kwa heshima, basi.

Februari 1999, mchana, mvua ikinyesha, mwalimu mmoja wa kundi letu alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama yake haikukoma. Mwalimu huyo ni mimi.

Mama Godelieve alifanya yote aliyoyajua, kisha akakumbuka kitabu. Aliyeweza kukisoma vizuri alikuwa mmoja tu. Wakatundika kitenge mlangoni mwa kibanda, Direkta akaketi upande wa nje, uso ameuelekeza msituni, na akaanza kutafsiri kwa njia pekee aliyoijua: "Sura ya sita. Nukta. Mstari mpya. Sugua tumbo chini ya kitovu, koma, kwa mviringo, koma, mpaka likaze, nukta." Akarudia. Akarudia tena. Na Mama Godelieve, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa akisimamisha mikono kila aliposikia nukta! Alipogundua anachofanya alipiga kelele ambazo hadi leo nazisikia: "Direkta, acha nukta! Muntu anakufa huku!"

Akaziacha. Akasoma mfululizo, mtoto awekwe kwenye titi, mama akojoe, tumbo lisiachwe. Kisha sauti ya Mama Godelieve ikabadilika. "Mikono yangu imechoka. Kuya, ingia!"

Kwetu mwanaume hapiti nyuma ya kitenge hicho. Hata mume hukaa mbali kabisa na hapo. Mimi nilikuwa nimelala nikiona viatu vyake chini ya kitambaa, havisogei, na nikajua maisha yangu yako kwenye viatu vile. Vikasogea. Akaingia, akaweka ngumi pale alipoonyeshwa, akakandamiza. Damu ilimfika viwiko. Nilimngoja aanguke, hakuanguka. Alikuwa akihesabu jedwali la saba kwa sauti, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, na alipolimaliza alilianza upya, mpaka tumbo likakaza na damu ikakatika. Ndipo akatoka nje kwa heshima, na sote tukasikia kishindo cha mtu anayeanguka kwenye matope.

Tulidhani mambo yameishia hapo. Kesho yake, mwanaume wa miaka hamsini na sita alikwenda kwa Mama Godelieve kuomba afundishwe. Mpaka tuliporudi Baraka walizalisha pamoja watoto ishirini na saba, ukimhesabu na wangu. Kila mtoto Direkta alimwandika katika rejista yake, chini ya kichwa cha habari alichokibuni mwenyewe: Darasa la Kwanza, Septemba 2005. Majina manne yana msalaba pembeni, na hayo huwa hayazungumzii. Mama Godelieve alipofariki mwaka jana, mkoba wake hakuwaachia binti zake. Alimwachia Direkta.

Nami kwa miaka minne sikumwambia mtu hapa mjini yaliyotokea nyuma ya kile kitenge, hata mume wangu. Niliona haya.

Mwaka huu, tangu Januari, Direkta alianza kuondoka kwake alfajiri na kufika shuleni akiwa na mikono ya shati iliyolowa, akinukia sabuni. Walimu tuna macho, na midomo pia. Mwenzetu Jacques wa darasa la sita akamfuata, akarudi anahema: Direkta ameingia maternite, nyumba ya kujifungulia! Basi, hesabu ikawa rahisi mno: Direkta wetu, katika umri ule, amempa binti wa watu mimba. Nilishtuka kuliko wote na nilisema kuliko wote, ingawa niliyajua ya porini, na leo naungama mbele ya umma. Tulipomwendea mkewe, Mama Florentine, kwa sura za msibani, alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu? Siku nilizala wa kwanza alikimbia na baiskeli mpaka Mboko! Sasa iko anafula mashuka ya bamama benye kuzala."

Kumbe alikuwa ameomba kazi. Mama Émilienne, mkuu wa maternite, alikuwa amemkatalia mara mbili: ni mzee, ni mwanaume, hana diploma ya uuguzi. Mara ya tatu akamwambia achemshe maji na afue mashuka mpaka achoke mwenyewe. Miezi mitano ikapita bila yeye kuchoka.

Basi mwezi uliopita, siku ya kupima watoto uzito, Mama Émilienne aliwauliza akina mama wote waliokuwepo: mwanaume huyu mnamkubali nyuma ya pazia, ndiyo au hapana? Wengine waliguna, mmoja akacheka. Direkta alipita na beseni la mashuka, akaniona nimekaa pale na binti yangu Merveille, akageuza macho haraka ili asinilazimishe. Aliyenitoa mautini alikuwa ananifichia aibu yangu. Sijui nilisimama saa ngapi. "Mi alinifikia nyuma ya kitenge," nilisema. "Alinigusa na mikono yake. Na niko hapa." Mama mmoja wa kundi letu la porini akasimama nyuma yangu, kisha wa pili, kisha sikuweza kuona tena kwa machozi. Mume wangu alipata habari siku ile ile pamoja na Baraka nzima. Siku ya nne alimpelekea Direkta jogoo.

Sasa kuhusu kiti. Walimu tulikuwa tumemtengenezea kiti kikubwa cha mbao chenye mikono na mto, apumzike barazani. Tulimpelekea Jumamosi, akashukuru sana. Jumatatu hakikuwepo. Kiko maternite, na nilipopita nimemkuta mama mwenye uchungu amekikalia, na mstaafu amesimama kando yake akimhesabia jedwali la saba. Kwa hiyo leo mkimwona amesimama tangu mwanzo hadi mwisho wa sherehe, msituseme vibaya. Kesho alfajiri anaanza kazi rasmi kama mwanagenzi, chini ya Mama Émilienne, ambaye zamani Direkta ndiye aliyemfundisha kusoma.

Direkta, tunakushukuru mara tatu, kama ulivyotuzoesha: asante, asante, asante. Mapumziko hatukutakii, maana utayagawa kama kiti. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na maisha mema marefu wewe na Mama Florentine. Rejista yako umeniachia mimi, na jante pia. Septemba 2005 nitaigonga kwa nguvu, kisha nitaita majina ishirini na saba, yote, hata yale manne. La kwanza ni Merveille. Maternite iko ng'ambo ya barabara tu, Direkta. Fungua dirisha, utamsikia akiitika.